"Muda mrefu sana" ni saa ngapi?

Mimi ni mhandisi wa programu katika sekta ya ulinzi na anga, lakini siku zangu nyingi siandiki programu. Nasoma mahitaji: sentensi mojamoja zinazoeleza mfumo ufanye nini, katika hali gani, kwa muda gani. Vijana wanaoingia kazini huchoshwa nayo upesi. Hapo ndipo huwasimulia habari ya Dhahran.

Tarehe 25 Februari 1991, katika Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraki lilipiga kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Walikufa 28. Mtambo wa Patriot, wa kudungua makombora na ndege, uliolinda eneo hilo ulikuwa umewashwa, ila haukurusha kitu. Ulikuwa umefanya kazi saa 100 mfululizo bila kuzimwa.

Saa ya ndani ya Patriot ilihesabu sehemu za kumi za sekunde. Ili kupata sekunde kamili, programu ilizidisha hesabu hiyo kwa 0.1. Tatizo ni kwamba kompyuta hutumia sifuri na moja tu, na kwa namba hizo moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi tunavyoiandika 0.333 na kuendelea. Nafasi ilikuwa biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri na moja, iliyobaki ikakatwa. Kosa lake ni kama 0.000000095 ya sekunde kila mara saa inapogonga. Nani angelijali? Lakini katika saa 100 inagonga mara milioni 3.6, na kosa linafika sekunde 0.34. Scud huenda zaidi ya meta 1,600 kwa sekunde. Rada ikalitafuta kombora zaidi ya nusu kilomita kutoka lilipokuwa, ikakuta anga tupu.

Walioubuni Patriot hawakuwa wazembe. Waliukusudia Ulaya, dhidi ya ndege za Wasovieti, uhamehame na kukaa saa chache tu kila mahali. Kule jangwani ulikaa palepale siku nyingi.

Kinachoniuma mimi ni onyo. Tarehe 21 Februari watumiaji walitumiwa ujumbe kwamba kuuwasha mtambo "muda mrefu sana" kungeweza kupotosha rada. Saa ngapi? Haukusema. Kuzima na kuwasha upya, kazi isiyofika dakika mbili, kungeirudisha saa kwenye sifuri. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26.

Nyumbani mtu akikuambia anakuja sasa hivi, huenda ni dakika tano au nusu saa, na hakuna anayeumia. Katika kazi yetu neno kama hilo lisipowekewa namba, kila msomaji ataliwekea yake.

Mwezi uliopita nilikuta sentensi inayosema mfumo uweze kuwaka "kwa kipindi kirefu". Nikairudisha kwa mwandishi wake. Imerejea ikiwa na saa 720, na jaribio la kuzithibitisha linaanza Jumatatu.