Kabla Hujatoa Gari Lako la Umeme Sadaka

Mama mmoja mstaafu aliniletea gari lake, Nissan Leaf, karakana kwangu Unga Ltd hapa Arusha. Anataka kulitoa sadaka kwa kituo cha watoto wenye ulemavu kilichoko juu ya Moshi, upande wa Kibosho. "Mwanangu, nitazamie kama bado lina uzima," akaniambia. "Nisije nikawapa masista mzigo."

Neno hilo mzigo lilinigusa, maana nimeshaona gari la msaada likiota majani nyuma ya zahanati. Waya wa kuchajia ulishapotea, na maandishi yote ya dashibodi ni ya Kijapani. Aliyelitoa alitoa kwa moyo mweupe, ila hakuna aliyekaa na wapokeaji kupiga hesabu.

Hesabu inaanzia kwenye betri. Leaf za mwanzo, zilizoingia sokoni mwishoni mwa 2010, zina betri ya kilowati-saa 24, yaani yuniti 24 zilezile tunazonunua kwa tokeni za LUKU. Zikiwa mpya, vipimo vya Marekani vilizipa kilomita 117 kwa chaji moja. Betri hiyo haina mfumo wa maji wa kuipoza, kwa hiyo joto huizeesha mapema. Pembeni ya geji ya chaji kuna vijiti 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wake. Kijiti cha kwanza hupotea betri ikishapungua kama asilimia 15, na vinavyofuata hupotea kila ikipungua kama asilimia 6. Lakini usiviamini peke yake, kwa sababu wapo wauzaji wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijiti vyote virudi. Mimi huchaji gari mpaka lijae, nikaunganisha skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, nikaliendesha, kisha nikasoma seli moja moja. Seli dhaifu hujitokeza gari linapopanda mlima. Habari njema ni kwamba betri ile imeundwa kwa moduli 48, yaani vifurushi vya seli, na moduli moja mbovu inabadilishika bila kutupa betri nzima.

Betri ya gari la mama ilisoma asilimia 72 ya uwezo wake wa upya. Hapo unapata kama kilomita 80 hivi. Ndiyo njia yote ya Arusha mpaka Moshi, bila akiba. Kwa mtu wa safari ndefu halifai tena. Je, kwa masista?

Nikampigia Sista msimamizi. Shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza swali moja tu: kwa siku gari linakwenda wapi? Akasema wanawashusha watoto hospitali ya KCMC kwa mazoezi ya viungo, wanapita sokoni, wanarudi. Kilomita 30 hivi, kwenda na kurudi. Njia ingekuwa tambarare, hizo ni kama yuniti 5 na nusu. Ongeza mlima: gari na abiria wake, tuseme kilo 1,800, kulipandisha mita 500 kunataka karibu yuniti 2 na nusu juu ya zile za mwendo. Wakati wa kushuka mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu yake. Betri hii ina yuniti zipatazo 15 za kutumika. Inawatosha, na inabaki.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kituo kiko juu, kwa hiyo gari linachajiwa juu na kuanza siku kwa kushuka. Betri ikiwa imejaa kabisa, umeme wa kushukia hauna pa kuingia, na kazi yote inabaki kwa breki. Gari hili lina mpangilio wa kuishia asilimia 80. Nimeuweka, na nimebandika karatasi za Kiswahili juu ya yale maandishi ya Kijapani. Watoto wale wasishushwe mlima kwa breki peke yake.

Jambo la pili ni soketi, na hapa ninawasihi sana. Waya wa kuchajia wa Kijapani huvuta mpaka ampia 15, na soketi zetu za ukutani ni za ampia 13. Ukiunganisha kwa adapta na kuacha usiku kucha, plastiki inaweza kuyeyuka. Kituo kifungiwe laini yake: waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampia 20, na ethi iliyopimwa kwa kipimo. Gharama hiyo iwe sehemu ya zawadi. Pia waangalie LUKU yao. Kama wako kwenye daraja la matumizi madogo, lisilozidi yuniti 75 kwa mwezi, gari litawatoa humo.

Karatasi ni fupi. Andika hati ya zawadi, lipa madeni ya trafiki, hamisha kadi TRA kwa jina la taasisi yenyewe, siyo la sista wala la dereva. Hakikisha imesajiliwa, kama bodi ya wadhamini RITA au chini ya Sheria ya NGO ya 2002. Kama gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kama yalivyo mengi ya wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa hapa Arusha, uliza forodha kwanza, kwa sababu ushuru unaweza kudaiwa likibadili mwenyewe.

Na kama skana ingesoma asilimia 45? Ningemwambia mama atoe betri peke yake. Karibu nusu ya yuniti 24, ikiunganishwa na sola na fundi anayezijua volti 360 za betri hiyo, inawasha taa na friji ya chanjo usiku kucha.

Gari litapanda Kibosho juu ya lori. Fundi anafunga laini Jumamosi hii, na mama amesema halitoki Arusha mpaka nimpigie kwamba ethi imepimwa.