Kwa nini swali la mgeni kwenye programu huria hukosa jibu?

Je, wajua kwa nini mtu huandika "waifai haishiki, naombeni msaada" kwa jamii ya watumiaji wa Ubuntu, mfumo endeshi huria wa kompyuta, siku ikapita na kimya kikatawala? Wengi hudhani wamedharauliwa. Mara nyingi sivyo. Wanaojibu wanajitolea, na mashine yako hawaioni. Ni kama kumpigia fundi simu ukamwambia "gari haliwaki" ukakata.

Chukua laptopu ya mtumba ya Kariakoo iliyowekwa Ubuntu, waifai haionekani kabisa. Fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) uandike lspci -nnk, kisha tafuta mstari wa "Network controller". Ukikuta namba inayoanza na 14e4, kadi ya waifai ni ya kampuni ya Broadcom. Kama chini yake hakuna "Kernel driver in use", basi kadi ipo ila haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Nakili maandishi hayo yote. Usipige picha ya skrini: anayesaidia hawezi kunakili namba kutoka kwenye picha akaitafuta. Ongeza toleo lako (lsb_release -a), ulichojaribu, na ujumbe wa kosa neno kwa neno. "Imegoma" haimsaidii mtu.

Utaambiwa pengine uandike sudo ubuntu-drivers install, amri ya kupakua na kuweka draiva. Intaneti utaitoa wapi ilhali waifai imekufa? Unganisha simu kwa waya wa USB, washa tethering (kugawa intaneti ya simu), bando la simu litatosha.

Hapa ndipo wageni wengi hukwama, na ndipo maswali mabovu huzaliwa. Kama Secure Boot (kinga ya kompyuta dhidi ya programu zisizoaminika inapowaka) imewashwa, kerneli, yaani kiini cha mfumo, hukataa draiva isiyo na saini inayoiamini. Wakati wa kuweka draiva unaombwa kubuni nywila. Ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu kwa sekunde chache tu, nawe unatakiwa kuchagua "Enroll MOK" (kusajili ufunguo wa saini hiyo) na kuiandika nywila ile. Ukiipuuza skrini hiyo, draiva ipo kwenye diski lakini haipakiwi, nawe unarudi kulalamika kwamba "nimefuata maelekezo yote".

Saa nayo ina neno. Saa tatu asubuhi Dar, New York ni saa saba au nane usiku. Kwenye mazungumzo ya moja kwa moja kama IRC, ukiuliza saa hizo ukaondoka baada ya dakika kumi, jibu likija haulioni. Saa mbili usiku ni bora: Ulaya watu wametoka kazini, na New York ni mchana.

Waifai ikishika, rudi useme ni hatua ipi iliyofanya kazi, maana mwenye kadi hiyohiyo ataitafuta kwa namba yake. Halafu pitia maswali ya wengine. La kwanza utakaloliweza huenda likawa la mtu aliyeipita skrini ile ya bluu bila kuisoma.