Nani wa kwanza Ncha ya Kaskazini? Leta daftari la fildi kwanza

Mimi ni savea, kazi yangu kupima viwanja na kupanda bikoni, na kwenye kazi yetu ukisema pointi iko hapa halafu daftari la fildi (la kuandikia vipimo palepale unapopima) huna, basi pointi huna, una stori tu. Ndo maana ugomvi wa Frederick Cook na Robert Peary, kila mmoja akidai yeye ndo wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini, sichoki kuusoma.

Wamarekani wawili hawa, zamani walishasafiri pamoja, Cook akiwa daktari wa Peary. Tarehe 1 Septemba 1909 Cook anatuma simu ya maandishi kutoka Lerwick, visiwa vya Shetland huko Uskoti, kwamba alifika Ncha ya Kaskazini Aprili 21, 1908, yeye na vijana wawili Wainuit (wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini). Siku tano tu baadaye Peary naye anatuma yake kutoka Labrador, pwani ya Amerika Kaskazini, nimefika Aprili 6, 1909, na muda si mrefu akasema huyo mwingine hakufika. Magazeti yakapata kula.

Sasa utajuaje kama umefika? Kule hakuna mti wala jiwe, ni barafu juu ya bahari, na yenyewe inatembea, ukipanda bendera leo kesho imeshahama. Kinachobaki ni jua. Huku kwetu jua linachomoza, linapanda hadi utosini, linazama. Pale nchani linakuzunguka tu kwa urefu uleule karibu mchana na usiku, na mwanzoni mwa Aprili liko chini sana, digrii 6 na ushee. Unamwaga zebaki kwenye trei iwe kama kioo, unapima pembe kati ya jua na taswira yake humo, unagawa kwa 2, unarudia baada ya masaa kadhaa. Dakika moja ya digrii (digrii moja ina dakika 60, si za saa) ni maili moja ya baharini. Ila jua likiwa chini hivyo hewa inapinda mwanga, kwa digrii hizo ni kama dakika 8, yaani usiporekebisha umeshakosea maili 8, na vidole vimeganda hapo.

Cook daftari la maana hakuwa nalo. Alisema vifaa na maandishi aliviacha Greenland kwa Mmarekani mwenzake, na Peary akakataa kuvipakia melini kwake (roho mbaya hiyo, tuseme ukweli). Chuo Kikuu cha Copenhagen kikapitia alicholeta, Desemba 1909 kikasema hakuna ushahidi. Mbaya zaidi, kabla ya hapo Cook alidai kufika kilele cha Mlima McKinley, Alaska, na aliyekuwa naye huko mwaka 1906 akaapa kwamba kileleni hawakufika, na ile picha ya "kilele" ikaja kugundulika ni kijilima tu mbali kabisa na kilele chenyewe.

Watu wakasema basi mshindi Peary, na mwaka 1911 Bunge la Marekani likampa cheo na shukrani. Lakini mimi kama savea Peary ndo ananiumiza kichwa zaidi. Nahodha Bartlett wa msafara wake, aliyejua kupima vizuri, alirudishwa zikiwa zimebaki maili 133 hivi, na kuanzia hapo kasi ya Peary inaruka ghafla, tena njia nzima hakupima longitudo (umbali wa mashariki au magharibi) hata mara moja, eti alinyoosha tu juu ya barafu inayosogea! Nikikuletea mimi kazi kama hiyo utanirudisha fildi siku hiyohiyo. Waliofika naye ni Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyekuwa naye miaka zaidi ya 20, na Wainuit wanne, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah, na vipimo vya pale ni vya Peary peke yake. Henson alikuja kusimulia kwamba yeye ndo alitangulia kufika kambi ile, na bosi akamnunia safari nzima ya kurudi. Wote hawa sita walisafiri pamoja na sleji za kuvutwa na mbwa ila ugomvi wa nani wa kwanza ukabaki wa wazungu wawili.

Binafsi naona Peary alifika karibu, pointi yenyewe sidhani. Wa kwanza wasio na ubishi ni Amundsen, Ellsworth na Nobile, waliopita juu kwa ndege ya puto Norge, Mei 12, 1926.

Huyo Amundsen kwenye Ncha ya Kusini alishafanya kazi kama savea. Desemba 1911 alipima masaa 24, akatuma watu pande tatu kuizunguka pointi ili kosa la chombo lisimtoe nje, akaacha hema. Januari 17, 1912 mpinzani wake Scott akafika, akapima mwenyewe, akalikuta hema.