7, saba, VII: zinavyopokelewa na ubongo

Mgonjwa aliyepata kiharusi anaonyeshwa tarakimu mbili na kuombwa azisome kwa sauti. Anakosea, anarudia, anakosea tena. Ukimuuliza ipi kubwa, anaonyesha iliyo kubwa kweli. Wagonjwa wawili wa namna hii walielezwa mwaka 1995 na watafiti wa ubongo Laurent Cohen na Stanislas Dehaene wa Ufaransa, na mimi bado nawarejea kila ninapofundisha.

Miaka mitatu kabla, Dehaene alikuwa amependekeza kwamba ubongo huishika namba kwa namna tatu: umbo la tarakimu, neno linalotamkwa, na wingi wenyewe. Neno hutegemea zaidi maeneo ya lugha, ambayo kwa watu wengi yako upande wa kushoto. Umbo na wingi hushughulikiwa pande zote mbili. Kwa hiyo njia ya kutoka kwenye tarakimu kwenda kwenye neno ikikatika kushoto, upande wa kulia bado unaweza kuiona 7 na kujua kuwa imeizidi 4, ila hauna namna ya kusema "saba".

Jipime mwenyewe. Ipi kubwa: 42 au 57? Na hapa: 47 au 62? Tofauti ni 15 pote, lakini kwa wastani watu huchelewa kidogo kwenye jozi ya pili. Katika mamoja, 7 inaishinda 2, wakati katika makumi 4 inashindwa na 6, na ubongo hauwezi kuyafumbia macho mamoja hata kama hayahitajiki. Maana yake namba ya tarakimu mbili haimezwi kama donge moja.

Maneno nayo yana mitego yake. Kijerumani hutaja mamoja kwanza, kama kwamba 27 ni "saba na ishirini", na watoto wanaojifunza kuandika namba kwa lugha hiyo mara nyingi huandika 72.

Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walirekodi seli moja moja katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Seli zilizoitikia idadi ya nukta na zilizoitikia tarakimu zilikuwa makundi tofauti. Nilipoisoma kazi ile niliiweka pamoja na maelezo ya wale wagonjwa wawili: namba si kitu kimoja ndani ya ubongo.

Ndiyo maana simkubalii haraka anayeniambia mgonjwa "amepoteza hesabu". Kwanza namwonyesha tarakimu, kisha namtamkia namba, kisha namwekea nukta mezani.