Rochester: reli ya chini ya ardhi iliyofuata maji

Wengi wanaohudhuria mihadhara yetu ya historia ya usafiri wa mijini huamini kwamba reli ya chini ya ardhi ikishajengwa haiachwi. Basi hubadilishiwa njia, tramu hung'olewa, lakini handaki? Hapo ndipo huwapeleka Rochester, jiji la magharibi mwa jimbo la New York nchini Marekani, ndiko makao makuu ya Kodak, kampuni ya kamera na filamu. Treni za chini ya ardhi zilianza kubeba abiria huko Desemba 1, 1927. Zikasimama Juni 30, 1956. Hazikutimiza hata miaka 30.

Tuanze na maji. Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825, uliunganisha mto Hudson na Ziwa Erie, nao ulikatiza katikati ya Rochester. Mashua zilivuka mto Genesee zikiwa juu ya daraja la mawe lililobeba mfereji wenyewe: maji yakipita juu ya maji. Daraja la kwanza lilivuja, likajengwa jingine lililokamilika 1842. Karne ya 20 ilipoingia, jimbo lilipanua mfereji na kuuhamishia kusini mwa jiji. Mtaro wa zamani ukabaki katikati ya mji kama pengo la jino.

Jiji liliununua mtaro huo, na ujenzi wa reli ukaanza 1922. Shimo lilikuwepo tayari, hivyo gharama kubwa ya kuchimba ikaepukwa. Reli zikalazwa ndani, na katikati ya jiji pakamwagwa dari ya zege ambayo upande wa juu ikawa barabara, Broad Street. Daraja la mawe nalo halikubomolewa: treni zilipita pale pale zilipokuwa zikielea mashua, na juu yake ikaongezwa ghorofa ya magari. Ukisimama kando ya mto unaona kila zama na mkono wake, mawe ya kuchonga chini na matao ya zege juu.

Jina lenyewe la reli ya chini ya ardhi, kusema kweli, lilikuwa la kujipamba kidogo. Njia nzima ilikuwa na urefu wa kilomita 13 hivi, na sehemu iliyofunikwa ilikuwa kama kilomita 3 tu. Kwingineko treni zilikwenda ndani ya mtaro ulio wazi, theluji ikiziangukia.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mlengwa mkuu hakuwa mkazi wa jiji. Wakati ule treni za umeme kutoka miji jirani ziliingia mjini kwa reli za barabarani, zikabanana na tramu na magari. Handaki lilikusudiwa kuzitoa barabarani, na pia kurahisisha ubadilishanaji wa mizigo kati ya kampuni za reli. Kufikia 1931 treni hizo za kati ya miji zilikuwa zimekwisha zote, zimeshindwa na magari na mdororo wa uchumi. Mgeni alijengewa nyumba, akafa rangi haijakauka. Mwaka 1941 tramu za barabarani nazo zikafutwa, mabasi yakashika nafasi yake, na reli ya mtaroni ikabaki yatima.

Tena tazama ilikopita. Waliochimba mfereji miaka mia moja kabla walifuata usawa wa ardhi. Makazi ya watu hayakuwa hoja. Reli ikarithi ramani hiyo hiyo. Mkazi wa kitongoji alilazimika kupanda basi kwanza ndipo afike stesheni, na akishaketi kwenye basi, ashukie nini? Heri aende nalo hadi mjini.

Hata hivyo si kweli kwamba haikuwahi kupendwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili petroli na matairi vilitolewa kwa mgao, na mabehewa yakafurika. Mwaka 1947 ilibeba abiria zaidi ya milioni 5. Lakini petroli ilipopatikana tena watu walinunua magari, abiria wakapungua, safari za Jumapili zikakatwa. Wapangaji wa barabara kuu walipoutazama mtaro wa upande wa mashariki, waliona kile kile walichokiona wenzao wa 1922: shimo lililo tayari, ardhi ambayo ni mali ya jiji, hakuna nyumba ya kubomoa. Kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko hesabu zote za nauli. Leo sehemu kubwa ya njia ile ya mashariki ni barabara ya mwendo kasi, I-490.

Abiria walipoondoka, mizigo iliendelea kwenye vipande vilivyosalia. Hadi miaka ya 1990 treni ziliendelea kuingiza marobota ya karatasi kwa ajili ya mtambo wa kuchapa magazeti katikati ya jiji. Upande wa magharibi kipande cha handaki kimeshafukiwa, maana dari iliyochakaa yenye barabara juu yake ni gharama isiyokwisha. Kilichobaki kimejaa michoro ya rangi za kupuliza kuanzia sakafuni hadi darini.

Katika mabehewa yote ya abiria limesalia moja tu, namba 60. Liliundwa 1916 kwa ajili ya njia za Utica, mji mwingine wa jimbo hilo hilo, likaletwa Rochester mwishoni mwa miaka ya 1930 likiwa tayari limetumika. Sasa liko kwenye jumba la makumbusho ya reli nje kidogo ya jiji, mafundi wa kujitolea wakilikarabati.