Namba zinafanana na logibuku. Haya, kisha?

Ijumaa jioni nilikuwa nimelala chali chini ya Land Rover, gunia mgongoni, tochi mdomoni, likanijia lile lile. "Ami, hii ni orijino. Namba ya injini inafanana na ya logibuku, nimeangalia mwenyewe." Msemaji ni kijana wa hapa Shella ya Malindi, aliyenunua Land Rover hiyo, toleo la Series IIA chesisi fupi, wiki mbili zilizopita. Bei sitaitaja kwa sababu mamake husoma ninayoandika. Nilitaka kumjibu pale pale ila tochi ilinizuia, kwa hiyo naandika.

Neno hilo nimelisikia Maweni, nimelisikia Mambrui, nimepigiwa simu kutoka Nairobi saa nne za usiku ili nilisikie tena. Eti namba ikifanana na iliyo kwenye logibuku, kitabu cha usajili wa gari, basi injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Hebu tulifuate polepole. Injini ya kwanza imekufa. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni mvumilivu, lakini ukiinyima oili itakufa kama nyingine yoyote. Mwenye gari mwaminifu anafanya nini? Anatafuta injini nyingine, anaifunga, anapeleka gari likaguliwe, anatoa taarifa, na namba mpya inaandikwa. Anarudi nyumbani na logibuku yenye namba ya injini iliyomo garini. Zinafanana! Abadilishe injini mara tatu, mara zote tatu zitafanana, kwa sababu sheria yenyewe ndiyo inayozifananisha. Namba zikilingana na logibuku, nilichojifunza ni kwamba gari limepita mikononi mwa watu wanaofuata sheria. Kuhusu injini sijaambiwa kitu.

Na kinyume chake pia. Nimewahi kukuta injini niliyoamini kwa kila dalili kuwa ni ya kuzaliwa nayo, lakini logibuku ina tarakimu moja tofauti: 8 imekuwa 3. Karani alinakili namba iliyojaa grisi, basi. Mwenye gari alikuwa keshashawishiwa na dalali kuwa ana mkweche wa kuungaunga, akataka kuliuza bei ya kutupa.

Namba ya kulinganisha ni ile iliyoandikwa na kiwanda siku gari lilipotoka. Kumbukumbu za Solihull, kiwanda cha Land Rover, ziko Gaydon, Uingereza, kwenye British Motor Museum. Unawapa namba ya chesisi, unalipa, wanakuletea cheti kinachokuambia gari lilikamilika lini, lilikuwa na rangi gani, lilitoka na injini ya namba gani na lilipelekwa wapi. Tarakimu tatu za mwanzo za namba ya chesisi zenyewe zina habari. Kwa Series IIA fupi ya petroli, usukani wa kulia, 241 ni ya soko la Uingereza, 242 ilisafirishwa nje ikiwa nzima, 243 ilisafirishwa vipande vipande ikaungwe ilikokwenda. Ukiwa na 243 usitarajie mengi. Kiwanda kilijua kilichopakia sandukuni, hakikujua aliyekuja kuunga alipaka rangi gani. Mwaka ulioandikwa kwenye logibuku nao usikutie wazimu, kwa mengi niliyoyaona ni mwaka wa kusajiliwa tu, na gari linaweza kuwa lilikaa bandarini au kwa ajenti miezi kadhaa kabla.

Kabla sijasahau, hadithi ya DC, yaani mkuu wa wilaya. Kila Land Rover nzee ya Pwani hii, muuzaji atakuambia ilikuwa ya DC wa Lamu. Sasa kisiwa cha Lamu ni cha punda, na sifa yake kwa miaka mingi ilikuwa kwamba gari ni hilo moja la DC. Lingekuwa limezaa, sawa. Lakini ukizikusanya zote nilizoambiwa ndizo ukazipanga Mkunguni mbele ya ngome, punda hawatapata pa kupita. Na muuzaji hujikanusha mwenyewe bila kujua. Magari ya serikali hutembea na namba za GK, yakiuzwa mnadani ndipo hupewa namba za raia. Ukiniambia gari lilikuwa la DC, halafu ukaniapia kuwa namba hii ya raia limekuwa nayo tangu siku ya kwanza, chagua moja. Hadithi ya pili ni kwamba gari lilikuwa la Waitaliano wa San Marco, kituo cha kurushia roketi kule Ngomeni. Hiyo walau inawezekana zaidi, maana setilaiti ya kwanza ilirushwa pale 1967 na watu wale walihitaji magari. Lakini nionyeshe karatasi.

Turudi chini ya gari. Wengi wakiombwa namba ya chesisi husoma kibati kilichomo ndani ya gari. Kibati kinahamishika kutoka gari moja hadi jingine, kazi ya dakika chache. Namba yenye uzito imegongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, mbele, mkono wa kulia, kwenye ile pembe inayoshika springi. Pale pana matope ya tangu enzi, rangi nyeusi, pengine lami. Usije na grainda. Nakuomba. Ukija na grainda gerejini kwangu kutafuta namba, utatoka nayo mkononi. Mafuta taa kwenye kitambaa, brashi laini, subira. Kisha tochi usiimulike moja kwa moja, ilaze ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari, mikwaruzo iweke vivuli.

Ndivyo nilivyofanya kwa gari la kijana. Ikatoka 2. Nikasugua. Ikatoka 5.

Nikatulia. Kibati chake kinasema 242, logibuku inasema 242, na chuma kinasema 25. Series IIA ya petroli inayoanza na 25 ni chesisi ndefu, ya inchi 109. Nikamwambia alete futi. Tukapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma: inchi 88 kamili, fupi kama ilivyo mbele ya macho yetu. Kijana akaniangalia kama mimi ndiye niliyeigonga namba ile.

Nikaifuata ile pembe kurudi nyuma kwa vidole. Kiasi cha shubiri moja na nusu nikakutana na mshono, umechomelewa vizuri ajabu, ukafunikwa kwa lami. Pembe nzima ya kulia imetoka kwenye Land Rover ndefu iliyokufa. Ya kushoto haina mshono.

Wizi? Sidhani. Pembe hizo huoza. Bodi ya Land Rover ni alumini, ndiyo maana watu hudanganyana kuwa haishiki kutu, lakini chesisi ni chuma, na hapa kusi ikivuma inaleta chumvi hadi ndani ya kabati la vyombo. (Na bodi nayo isikuhadae. Alumini inapogusana na chuma mahali penye chumvi, huliwa yenyewe, ukigusa inabaki unga mweupe vidoleni.) Fundi fulani, labda kabla kijana hajazaliwa, aliletewa gari lenye pembe iliyooza na mwenyewe anataka kufika Garsen alfajiri. Akakata pembe nzima kwenye gari bovu lililokuwa uani, akaiunga. Hakujali namba. Ningekuwa mimi wakati ule, ningejali? Ile pembe ya awali, yenye namba halisi ya gari hili, iliishia kwa wanunua vyuma chakavu.

Sasa hapa ndipo vitabu vinaponyamaza na mimi nabaki najikuna kichwa. Hili ni gari gani? Karatasi na kibati vinasema ni moja, namba ya pekee iliyogongwa kwenye chuma inasema jingine, na sehemu kubwa ya chesisi ni ya lile la kwanza isiyo na namba. Nimewauliza mafundi wawili ninaowaheshimu, nikapata majibu matatu. Mimi naegemea kusema ni lile la kwanza, kwa sababu chesisi iliyobaki ni yake. Lakini je, mwakani ikibadilishwa pembe ya kushoto, kisha fremu ya kati? Sijui niseme linakomea wapi. Nilichomsisitizia ni asithubutu kugonga namba upya ili "ifanane". Hapo ndipo tengenezo la kihalali linapogeuka kesi.

Vitu vingine nilivipita haraka. Dashibodi iko katikati, sawa, Series III, toleo lililofuata, ingekuwa mbele ya dereva. Stata ya Lucas imegongwa mwaka 66, na hiyo ni ya umri wake. Gia boksi siyo. Kwenye IIA gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kile kinachoilainisha gia iingie, bila kukanyaga klachi mara mbili zitakusagia meno, ila hii ya pili inaingia laini kama kisu kwenye embe bivu. Hiyo imetoka Series III au imetengenezwa na sehemu zake. Grili ya waya ni ya zamani kweli, na kijana amesikia kwamba unaweza kuing'oa ukachomea mishikaki. Ina zinki juu, mwanangu. Nunua wavu sokoni.

Kuhusu rangi nilimkataza asiguse, na hapa lazima nijitaje. Miaka mingi nyuma nilipewa mlango nitengeneze, nikaupiga msasa kwa bidii ya ujana. Chini ya kijani, chini ya nyeupe, ghafla nikaona maandishi ya brashi, herufi mbili na nusu ya tatu. Mkono ulikuwa haujasimama, yakafutika. Mwenye gari alikuwa ametumia miaka kutafuta gari lile lilikuwa la nani. Sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia baada ya mwezi, na mpaka leo hunywa kahawa kwenye kijiwe kingine.

Kijana alipiga picha kila kitu, mshono, tarakimu, stata. Ombi la cheti litakwenda Gaydon na namba ya kibati, hiyo 242, tuone injini iliyotoka nayo ilikuwa ipi. Aliuliza kama amrudie muuzaji. Nikamwambia amuulize kwa upole alilinunua kwa nani, na huyo kwa nani, maana wazee wenye jibu wanazidi kupungua. Kisha nikachota grisi kwa kidole nikaipaka juu ya ile 25, nene, chumvi isije ikala na hiyo.