Itikadi ya jaji wa Marekani inapimwaje?

Kila kiti kikiwa wazi kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani utasikia kwenye habari "jaji wa kihafidhina", "jaji wa kiliberali", halafu mtu anauliza kwani majaji nao wana kadi ya chama? Hapana, hiyo itikadi yake ni namna anavyoisoma katiba. Kuna wanaosema isomwe kwa maana iliyokuwa nayo siku inaandikwa, hao ndio wahafidhina, chama cha Republican kinawapenda, na wengine wanasema maana yake inakua na nyakati, hao ndio waliberali, wanapendwa zaidi na chama cha Democrat.

Rais anahangaika na hilo kwa sababu kazi ni ya maisha. Bush mkubwa alimteua Clarence Thomas 1991, mwenyewe akatoka Ikulu 1993, jaji akabaki anahukumu tu miaka na miaka. Na viti viko 9.

Sasa utamjuaje mtu? Kumuuliza wazi kesi ya utoaji mimba utaamuaje haifai, na hatajibu, Ruth Bader Ginsburg alipoteuliwa 1993 aliwaambia maseneta, ambao ndio wanaomthibitisha jaji, kabisa kwamba hatatoa hata dokezo. Basi watu wa Ikulu wanafukua makaratasi: hukumu alizoandika akiwa mahakama ya rufaa, makala, hotuba, alianzia kazi kwa jaji gani. Shida makaratasi yakiwa mengi na wapinzani nao wanayasoma. Robert Bork, aliyeteuliwa na Rais Reagan, alikuwa ameandika kila kitu anachoamini, 1987 Seneti ikamkataa kura 58 kwa 42.

Kwa hiyo 1990 Bush akaona bora mtu asiye na maneno mengi, akamchukua David Souter wa New Hampshire, alikuwa na miezi michache tu kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho, na mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu John Sununu, gavana wa zamani wa hukohuko, akamdhamini. Mbuzi kwenye gunia bana! 1992 Souter akawa miongoni mwa waliolinda haki ya kutoa mimba, akazidi kusogea kwa waliberali, na 2009 akastaafu Obama akiwa rais, kiti kikaenda kwa Sonia Sotomayor. Wahafidhina wakaapa hakuna Souter mwingine. 2005 Bush mdogo alipomleta mwanasheria wake Harriet Miers, ambaye hajawahi kuwa jaji, waliogoma kwa nguvu ni watu wa upande wake mwenyewe, jina likaondolewa akaja Samuel Alito mwenye miaka 15 ya hukumu za kusomeka.

Trump 2016 akamaliza ubishi, akatangaza orodha ya majina hata kabla ya uchaguzi. Watatu aliowateua awamu ya kwanza, Gorsuch, Kavanaugh na Barrett, wote 2022 walipiga kura kuifuta Roe, hukumu ya 1973 iliyofanya utoaji mimba kuwa haki ya kikatiba, ambayo kwa taarifa yako iliandikwa na Harry Blackmun, mteule wa Nixon, Republican.

Wasomi nao wana vipimo vyao, kimoja kinasoma tahariri za magazeti kabla jaji hajathibitishwa, kingine kinahesabu kura zake za mahakamani. Hicho cha pili ndicho kinachoonyesha kaamua nini kweli, ila mpaka kikupe jibu jaji keshaapishwa.